Kabla hatujapiga marufuku pitibuli

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mbwa wa aina kali, na mmetaja pitibuli, rotwaila na jemani shepadi, wapigwe marufuku mijini, na kama mbwa koko waondolewe mitaani. Mimi wa hapa Mwanga, Kigoma, nasema hapana kwa yote mawili. Nitaeleza kwa kirefu, maana imani za mtaani kuhusu ukali wa mbwa zinatesa mbwa wengi, na mbwa aliyeteswa ndiye anayekuja kuuma watu.

Pitibuli kwanza. Mtaani wanasema taya zake hujifunga akishang'ata, hata umpige namna gani haachii. Hakuna kufuli lolote katika taya hilo. Mifupa na viungo vyake ni vilevile vya mbwa yeyote. Kilichopo ni misuli minene na moyo wa kung'ang'ania, kwa sababu wazazi wa damu hiyo walizalishwa Uingereza kupambanishwa na mafahali, mchezo uliokatazwa kwa sheria mwaka 1835, kisha wakawa wanapiganishwa wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana wengi wao hawaelewani na mbwa wenzao. Lakini kuchukia mbwa mwingine na kushambulia binadamu ni mambo mawili. Rotwaila naye katoka mji wa Rottweil, Ujerumani, ambako aliswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wachinjaji. Shepadi aliwekewa sifa zake rasmi mwaka 1899 na Max von Stephanitz, akiwa mbwa wa kuchunga kondoo.

Sisemi aina ya mbwa haina maana yoyote. Mbwa wa kilo 45 akiuma, jeraha lake si la mbwa wa kilo 15, na anayemfuga lazima awe na ukuta, kamba imara na mtu mzima wa kumshika. Ila kutabiri nani atauma kwa kutazama sura yake ni kubahatisha. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2022, uliokusanya taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba aina inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine, na wepesi wa kukasirika ni mojawapo ya tabia ambazo aina haikuzieleza sana. Utafiti mwingine, uliofanyika Denver na kuchapishwa mwaka 1994, ulikuta kwamba mbwa anayefungwa mnyororo uani ana hatari ya kuuma karibu mara tatu zaidi. Madume nao, hasa wasiohasiwa, waliuma zaidi. Utafiti huohuo uliwataja shepadi na chow chow, mbwa wa asili ya China, kuwa miongoni mwa waliouma zaidi, nami sifichi hilo. Lakini mnyororo unaweza kuufungua leo jioni.

Mnyororo ndio ningependa wasomaji wautazame kwa makini. Mbwa anafungwa kwenye shina la mwembe kwa mnyororo wa mita moja na nusu tangu alfajiri, anafunguliwa usiku. Kila apitaye anamwona, watoto wanamrushia mawe, na hana pa kwenda. Mnyama mwenye hofu hukimbia. Akinyimwa nafasi ya kukimbia, hupigana. Halafu tazama shingo. Wengi wanamvisha kijibwa wa miezi mitatu kamba au waya, wanasahau kuulegeza. Akifika miezi minane waya umeshazama kwenye ngozi, manyoya yamenyonyoka, panatoka usaha, inzi wametaga na funza wameingia. Ukimgusa hapo anabweka na kuonyesha meno, na mwenye mbwa anafurahi kuwa sasa amekuwa mkali. Yule anaumwa. Mkanda wa shingo uwe mpana, upitishe vidole viwili chini yake bila kulazimisha, na mbwa anayekua akaguliwe kila wiki.

Kama huna uzio, tandaza waya mnene wa mita nane hadi kumi kati ya nguzo mbili, pitisha pete, funga kwenye pete kamba ya mita mbili. Weka vizuizi mita mbili na zaidi kabla ya kila nguzo, la sivyo atajizungusha hadi ajinyonge. Kivuli na maji yawepo pale anapofika. Na afunguliwe atembezwe, asubuhi na jioni.

Kuhusu dawa ambazo watu huwalisha mbwa ili wawe wakali: pilipili inaunguza kinywa na tumbo, na mbwa mwenye tumbo linalouma hamwachi mtu amguse, hata mtoto wa nyumbani. Baruti ni sumu. Bangi inamfanya mbwa ayumbe, ajikojolee na kusinzia, kwa hiyo aliyempa ili alinde nyumba amemlaza mlinzi wake. Kumfungia kwenye boksi la giza mchana kutwa kunazaa mbwa anayeshtuka na kila kitu, na mbwa wa namna hiyo anauma bila kubagua. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na sijui kwa nini tunaichukulia kama haipo.

Mbwa mtulivu anatengenezwa kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya umri wake. Hapa ndipo tunapoharibu zaidi, kwa kuwa wauzaji wanatoa vijibwa wa wiki nne au tano, kabla mama yao na wenzao hawajawafundisha kuwa kung'ata sana kunaumiza. Usichukue kijibwa chini ya wiki nane. Ukishamchukua, mwonyeshe watu na vitu taratibu, kila siku kidogo: mama aliyevaa buibui, mzee mwenye fimbo, mvuvi na kasia lake, bodaboda, watoto wanaokimbia. Kama chanjo za parvo, ugonjwa wa kuharisha unaoua vijibwa, na homa ya mbwa hazijakamilika, mbebe mikononi, usimwache chini sokoni au pale Kibirizi mwaloni ambako mbwa wengi wanapita. Chanjo hizo huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa huchomwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Tunza kadi.

Na wafundisheni watoto kumsoma mbwa. Kabla ya kuuma karibu wote hutoa taarifa: anageuza uso, anajilamba midomo bila chakula, anapiga miayo, weupe wa jicho unaonekana, mwili unakakamaa, halafu ananguruma. Mkia unaotikisika ukiwa juu na mgumu si wa furaha. Mbwa anayechapwa kila akinguruma hujifunza kunyamaza, na siku moja anauma bila onyo.

Mbwa wetu wa kienyeji, huyu tunayemwita koko, ndiye anayeonewa kuliko wote. Anaambiwa hana akili, hafundishiki, kazi yake ni kuleta kichaa. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, wametoka basenji, damu ya mbwa wa vijijini vya Afrika, ambao walipelekwa Uingereza miaka ya 1930 na leo wanashindanishwa kwenye maonyesho. Mbwa wa namna hii anavumilia joto letu, ana manyoya mafupi ambayo kupe wanaonekana upesi, na anashika amri vizuri ukimfundisha dakika tano mara tatu kwa siku, kwa kipande cha dagaa. Mbwa wengi wanaozurura mitaani wana wenyewe, na mwenyewe akiitwa siku ya chanjo anaweza kumleta. Kuwapiga risasi au kuwategea sumu hakujamaliza kichaa cha mbwa popote, maana nafasi zao zinajazwa na vijibwa wasiochanjwa. Kinachokatiza ugonjwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wote, wa kizungu na wa kienyeji.

Njaa nayo inaitwa ukali. Mbwa anayepewa ukoko wa ugali mara moja kwa siku atalinda sahani yake kwa meno. Mbwa anahitaji chakula cha kutosha kilichopikwa kila siku, kigawanywe mara mbili, theluthi moja ikiwa dagaa, utumbo au vichwa vya samaki vilivyochemshwa na kuondolewa miiba. Dagaa waliokaushwa mchangani loweka, uwasuuze mara mbili tatu ndipo upike. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa wala vitunguu.

Kwa ndugu zangu Waislamu wa Ujiji: suala la najisi ya mate linajulikana na kuosha kwake kunajulikana, na mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwindia ameruhusiwa. Kumpiga mawe au kumnyima maji hakumo katika mafundisho hayo.

Mtu akiumwa, na mbwa yeyote yule, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa. Usipake masizi wala pilipili. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo, kwa sababu dalili za kichaa zikishatokea mgonjwa haponi. Mbwa mwenyewe msimuue kwa hasira. Afungwe mahali salama na atazamwe siku 10: akibaki mzima, hakuwa na kirusi kwenye mate siku aliyouma, na daktari ataamua sindano ziishie wapi. Mkimuua na kumzika, taarifa hiyo imepotea.

Sasa marufuku. Uingereza ilipiga marufuku aina nne mwaka 1991, pitibuli akiwamo, na mwaka 2023 ikalazimika kuongeza XL Bully, mbwa mkubwa mwenye damu ya pitibuli, kwenye orodha. Uholanzi ilitangaza mwaka 2008 kuiondoa sheria yake ya pitibuli, Italia ikaachana na orodha ya aina mwaka 2009. Badala ya orodha, halmashauri yetu idai mambo haya kwa kila mwenye mbwa: kadi ya chanjo ya mwaka, kamba anapotoka nje ya geti, na kulipa matibabu ya aliyeumwa.

Kuna uonevu mwingine ambao swali lenu halikuugusa. Watu wanataka madume tu, na vijibwa majike wanatupwa jalalani au kwenye korongo wakiwa hawajafungua macho. Jike analinda nyumba vizuri, hazururi hovyo kama dume na hapigani sana. Kinachoogopwa ni kuzaa, na hilo lina dawa. Kwa kawaida jike anaingia joto kila baada ya miezi sita hivi, mimba ni siku 63. Daktari wa mifugo anaweza kumfunga uzazi kuanzia miezi sita; asile usiku wa kuamkia upasuaji, alale pakavu siku 10 mpaka nyuzi zitolewe, na azuiwe kujilamba kidonda. Majirani watatu au wanne wakikubaliana, daktari mmoja anaweza kuja mtaani akawahudumia mbwa wao wote kwa siku moja.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma