Ukipewa nywila ya mtu wiki ya kwanza kazini, kataa

Wewe uliyeripoti kazini mwezi huu, huenda jambo hili limeshakukuta. Umefika na barua yako ya ajira, umeonyeshwa meza, umeonyeshwa kompyuta, lakini akaunti yako haijafunguliwa. Fomu inasubiri saini ya mkuu wa idara, na mkuu wa idara yuko safarini. Foleni ya wagonjwa imefika mlangoni. Basi mwenzako, kwa moyo mweupe kabisa, anainamia kibodi na kusema, "Tumia yangu tu kwanza, mdogo wangu." Hapo ndipo ninapotaka kukushika mkono.

Nimekaa kwenye dawati la TEHAMA hospitalini kwa miaka 11. Jumatatu asubuhi simu yetu hailali, na nyingi ya simu hizo ni za nywila: huyu amesahau, yule akaunti imejifunga, mwingine muda wa nywila umeisha akiwa likizo. Nimemwona daktari akitetemeka kwa hasira mbele ya skrini huku mgonjwa akisubiri majibu ya maabara ambayo yamo humohumo kwenye mfumo. Hasira ile ni ya haki. Mtumishi mmoja ana nywila ya kuwashia kompyuta, ya mfumo wa wagonjwa, ya barua pepe, ya stoo, ya mambo ya utumishi, na hapo hatujagusa namba za siri za benki na za simu. Watu wamechoka, na uchovu huo ndio unaozaa kuazimana.

Mwaka 2016 stoo yetu ya dawa ilikuwa na dada mmoja, mteknolojia wa dawa, mchapakazi anayependwa na kila wodi. Kijana mgeni aliletwa kumsaidia, akaunti ya kijana ikachelewa wiki mbili. Katikati ya wiki hizo dada akafiwa na baba mkwe, akapewa ruhusa ya siku saba. Kabla ya kupanda basi alimwandikia kijana nywila yake kwenye kipande cha boksi la glavu, ili wodi zisikose dawa.

Siku ya tatu wodi ya wazazi ikaomba parasetamoli. Kijana akatoa makopo 12, kila kopo vidonge 1,000. Kwenye mfumo, sehemu ya kipimo ilikuwa imesimama kwenye "kidonge" badala ya "kopo", naye hakuigusa kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha. Akaandika 12, akabonyeza hifadhi. Rafu ikapungua vidonge 12,000, mfumo ukapunguza 12. Wakaguzi walipokuja kuhesabu, vidonge 11,988 havikuonekana.

Walikuja kwetu kutaka orodha ya nani aliingia kwenye mfumo na lini. Niliichapisha mimi mwenyewe. Kila mstari ulikuwa na jina la dada, saa na dakika, siku zilezile alizokuwa amekaa kwenye mkeka wa msiba, mwendo wa kutwa nzima kwa basi kutoka stoo. Barua ya ruhusa na tiketi vilionyesha kwamba hakuwepo, lakini kuonyesha kwamba hakuwepo kulikuwa ni kukiri kwamba alimpa mtu nywila. Kijana alijitokeza baadaye, analia, maana jina lake halikuwepo popote na hakujua kama kosa lilikuwa lake. Daftari la wodi ndilo lililowaokoa wote wawili: makopo 12 yalipokelewa na kusainiwa. Hakuna kidonge kilichoibiwa. Hata hivyo dada alipewa barua ya onyo, na barua hiyo imo kwenye faili lake mpaka leo. Nikikumbuka karatasi zile zikitoka kwenye printa, roho bado inaniuma.

Ndiyo maana nasema kataa, na ukatae kwa adabu. Sema, "Ahsante dada, nitasubiri yangu, wewe ingia, mimi nitakusomea." Kaa pembeni yake, mwenye akaunti aandike, wewe uangalie na ujifunze. Kisha ifuatilie ile fomu kila siku bila kuona haya. Nenda mwenyewe TEHAMA, jitambulishe. Mtu tunayemfahamu kwa sura hasahauliki kirahisi kama fomu iliyolala kwenye trei.

Nywila za kompyuta zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walipotengeneza mfumo wa CTSS ulioruhusu watu wengi kutumia mashine moja. Kila mtumiaji alikuwa na mafaili yake na saa zake alizopangiwa. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, aliyetaka saa zaidi ya zake, alilichapisha faili zima lenye nywila za wenzake. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo swali lilikuwa hili: saa hizi ni za nani, kazi hii kaifanya nani? Ukiingia kwa nywila, umetia saini. Na kwetu hospitalini saini hiyo inafungua siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Ukimpa mtu nywila yako, umempa pia majibu ya vipimo vya jirani yake.

Sasa tuje kwenye adha yenyewe, maana kukuambia usiazime bila kukuonyesha namna ya kubeba mzigo ni kukuonea.

Huenda ofisi yako inakulazimisha kubadili nywila kila baada ya siku 90, na kila mara unadaiwa herufi kubwa, tarakimu na alama. Desturi hiyo ilienezwa sana na mwongozo wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulioandikwa na Bill Burr. Mwaka 2017 taasisi hiyohiyo iligeuza msimamo: mtu asilazimishwe kubadili nywila kwa kalenda, abadilishe pale kunapokuwa na dalili kwamba imevuja, na urefu upewe uzito kuliko madoido. Burr mwenyewe, akiwa amestaafu, alisema hadharani kwamba anajutia mengi ya aliyoandika. Mimi nimeona kwa macho kwa nini. Ukiwabana watu kila siku 90 wanaandika Machi2024!, kisha Juni2024!, kisha Septemba2024!, na aliyeiona moja amezijua zote. Ofisi nyingi bado ziko kwenye utaratibu wa zamani. Ukiukuta, utii, lakini kila mara tunga mpya kabisa, usiisogeze ya jana mbele kwa mwezi.

Namna ninayowafundisha wageni wetu ni kuunganisha maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa bahati. Bahati ndiyo siri yake. Ukitunga kichwani utaandika jina la mtoto, timu na mwaka wa kuzaliwa, na hayo wenzako wote wanayajua. Chukua kamusi, ifungue bila kuchagua, weka kidole, chukua neno, rudia. Utapata kitu kama daraja-kijiko-mbuzi-alhamisi, ambacho unaweza kukiona kama picha kichwani (usitumie hiki, nimeshakiandika hapa). Kwa mfano, ukiwa na orodha ya maneno 7,776 na kuokota manne, michanganyiko inayowezekana inapita trilioni 3,600. Herufi ndogo nane hazifiki bilioni 209. Tena usiandike methali. Harakaharakahainabaraka ni ndefu, ni rahisi kukumbuka, na kila Mswahili anaweza kuimalizia.

Hizo za kukumbuka ziwe mbili tu: ya kompyuta na ya programu ya kutunza nywila. Nyingine zote ziache ndani ya programu hiyo. KeePass na Bitwarden zinapatikana bila malipo, lakini waulize kwanza watu wa TEHAMA ni ipi inayoruhusiwa kazini kwenu. Kama hakuna, afadhali daftari dogo ndani ya mkoba wako, tena usiandike jina la mfumo waziwazi, kuliko karatasi chini ya kibodi. Kila mtu hutazama chini ya kibodi. Nyuma ya kitambulisho pia.

Kuna mambo yanayowafungia watu akaunti bila wao kukosea. La kwanza ni simu ya mkononi. Umebadili nywila ya barua pepe asubuhi kwenye kompyuta, lakini simu mfukoni, au ile ya zamani uliyomwachia mwanao nyumbani, bado inabisha hodi kwa nywila ya jana, kila baada ya dakika chache. Mfumo unahesabu makosa, unakufunga. Unafunguliwa, unafungwa tena kabla ya chai. Kuna mama mmoja wa uhasibu tulihangaika naye siku mbili kwa jambo hilo, akidhani kuna mtu anamwandama. Siku ya kubadili nywila, kusanya vifaa vyako vyote, ubadilishe kila kimoja palepale.

La pili ni kibodi. Kompyuta iliyowekwa kwa mpangilio wa Uingereza hubadilishana alama ya @ na alama ya kunukuu na ile ya mpangilio wa Marekani. Kwa kuwa nywila huonekana kama vidoti, unaweza kubonyeza @ mara kumi na kila mara likaingia jingine. Kabla ya jaribio la mwisho, acha. Andika ile alama peke yake kwenye sehemu ya jina la mtumiaji, uone kinachotokea, kisha ifute. Angalia na taa ya herufi kubwa, na ya tarakimu za pembeni.

La tatu ni laini ya simu. Kama namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini uliyoipoteza, huwezi kuingia hata kama nywila ni sahihi. Ukibadili laini, tuambie wiki hiyohiyo.

Na mtu akikupigia akisema anatoka TEHAMA, anataka nywila yako ili "asafishe mfumo", kata simu uje ofisini. Sisi kuifungua akaunti yako hatuhitaji nywila yako. Tunakupa ya muda, unaibadilisha mwenyewe mbele yetu, nasi tunageuza macho.

Yule dada bado yuko stoo. Mgeni akiripoti kwake, fomu ya akaunti huijaza siku hiyohiyo na kuileta kwangu kwa mkono, haiachi kwa mhudumu. Mpaka akaunti ifunguke, mgeni huyo hushinda kwenye rafu na daftari, akihesabu makopo.