Usitafute Ruhusa Ndani ya Shimo

Wageni wa milima ya theluji hupenda kuchimba shimo ili kujua kama theluji ya mteremko itaporomoka. Mwonyeshe mtu jinsi matabaka yanavyosomwa, kesho yake anataka kuingiza beleshi kila kona. Sina ugomvi na hilo, ila shika hili mapema: shimo linaweza kukukataza mteremko, kukuruhusu haliwezi. Hatua chache pembeni theluji inaweza kuwa na habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo anza na mwinamo. Mabamba ya theluji, yaani matabaka yaliyoshikamana juu ya tabaka dhaifu, huporomoka zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Pima kwa kifaa. Macho hudanganya, hasa ya mtu mwenye hamu ya kuteleza. Na tazama juu yako pia, maana unaweza kusimama penye tambarare huku mzigo wote umening'inia juu ya kichwa chako.

Theluji ikinguruma na kutitia chini ya miguu, au nyufa zikikimbia mbele ya ski zako (mbao za kutelezea), tabaka dhaifu lililofukiwa limeshavunjika. Hapo hakuna cha kuchimba, geuka. Vivyo hivyo ukiona poromoko jipya kwenye mteremko unaoelekea upande mmoja na wako.

Ukichimba, chagua mahali salama panapofanana na unapotaka kupita. Kata nguzo yenye upana wa sentimita 90, na sentimita 30 kuingia mlimani. Laza beleshi juu yake kwenye ncha moja, kisha gonga mara 10 kwa kukunja kifundo cha mkono, 10 kutoka kiwikoni, 10 kutoka begani. Wengi huhangaika na hesabu ya mapigo. Mimi natazama ufa: ukikatiza nguzo nzima kwa pigo lililouanzisha au linalofuata, achana na mteremko ule. Chota punje za tabaka hilo. Zikiwa na kona na kumwagika kiganjani kama sukari, jua udhaifu huo unaweza kudumu wiki nyingi, jua liwake lisiwake.

Taarifa ya hatari ya maporomoko ina ngazi 5, na kwa kuwa 3 iko katikati, wageni huisoma kama "kawaida". Sivyo. Watu wengi hufia kwenye ngazi hiyohiyo, na mara nyingi poromoko huanzishwa na aliyefukiwa mwenyewe au mwenzake. Mkivuka, pita mmojammoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama, na vifaa vya redio vya kutafutana mtu akifukiwa viwe vimewashwa na kujaribiwa kabla ya kuondoka.