Ndege nzuri, picha inarudishwa: maswali yenu kuhusu kuedit picha za ndege

Maswali yamejaa na mengi yanafanana, mtu kapiga picha ya ndege (hizi za kusafiria, sio wale wa porini), kaiedit usiku kucha, kampa mwenye jicho aikague, halafu karudishiwa maneno mawili tu, "imelala" (imeinama upande), "ni laini" (haina ukali), "imeungua" (mwanga umezidi), basi hajui aanzie wapi. Leo nawajibu wachache, na nimeyakata maswali kidogo yawe mafupi.

Mkuu habari. Picha yangu ya Boeing 737 nimeambiwa imenolewa (imeongezwa ukali) kupita kiasi. Nikapunguza, sasa naambiwa ni laini. Nishike lipi?

Shika yote mawili, maana yote yanaweza kuwa kweli kwenye picha moja, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwanza niambie unanoa lini. Kama kamera yako ni ya megapikseli 24 basi faili lina upana wa pikseli 6000, wewe unalinoa likiwa na ukubwa huo, halafu unalipunguza mpaka 1600 ili ulitume, na kule kupunguza peke yake kunakula ule ukali, unaona picha imelegea, unanoa tena juu yake, hapo ndo kingo zinaharibika. Panga kazi hivi: rangi na mwanga kwanza, unyoofu na kukropu, halafu punguza saizi, KUNOA NI MWISHO kabisa, tena radiasi ndogo (upana wa ukingo unaoguswa na kunoa), 0.3 mpaka 0.5 ya pikseli inatosha, na uongeze kidogo kidogo ukiwa umezumu asilimia 100, sio ukiangalia picha nzima imejibana kwenye skrini.

Sasa uangalie wapi? Maandishi ya usajili (zile herufi za utambulisho kwenye bodi ya ndege), fremu za madirisha ya rubani, ukingo wa mbele wa bawa, na ule mstari wa rangi unaopita ubavuni kwa mshazari. Mstari wa mshazari ukianza kuwa na ngazi ngazi umeshapitiliza. Ukiona uzi mweupe kati ya mgongo wa ndege na anga umeshapitiliza pia. Lakini utakuta mstari una ngazi wakati maandishi bado ni laini, ndo maana mmoja anakwambia imezidi na mwingine anakwambia laini, wote wako sawa, kila mtu anaangalia sehemu yake. Dawa yake ni leyeri (nakala ya picha juu ya picha) na maski (kinachoficha sehemu ya leyeri): noa kwa ajili ya maandishi na madirisha, halafu kwa brashi futa ule unoaji kwenye mistari ya mshazari na kingo za mabawa. Anga usilinoe hata siku moja, hamna kitu cha kunoa kule, utaamsha chenga tu, zile punje punje za rangi.

Na kabla ya yote hayo fungua raw (faili ghafi la kamera) ambayo haijaguswa, izumu asilimia 100 usome usajili. Kama herufi hazina ukingo pale, fokasi ilikosa au mkono ulitikisika, na hakuna slaida (kitelezi cha programu ya kuedit) itakayoleta kitu ambacho lenzi haikukichukua. Iache hiyo, chukua fremu ya pili yake.

Nimenyoosha picha kwa kufuata ranwei lakini bado naambiwa imelala kulia. Wananionea?

Hapana ndugu yangu, ranwei ndo inakudanganya. Ranwei nyingi zina mwinuko na mteremko, na hata iliyo tambarare ukiipiga kwa pembeni itaonekana inapanda au kushuka kwa sababu upande mmoja uko mbali zaidi na wewe. Fuata vitu vilivyosimama wima: kona ya jengo, mnara wa kuongozea ndege, nguzo za taa, na uchague vile vilivyo karibu na katikati ya picha maana vya pembeni lenzi pana inaviinamisha. Bodi ya ndege pia usiifuate, ndege inayokimbia kuruka inainua pua na hiyo ndo sura yake, ukiilaza umeilaza na dunia nzima nyuma yake. Kama nyuma hamna kitu ila anga tupu basi hapo ni jicho lako na mwelekeo wa ndege.

Mwalimu, ATR yangu inaonekana kama imezima injini angani. Naweza kuongeza mzunguko wa propela kwenye kompyuta?

Unaweza, ila mimi nakwambia usifanye. Duara la kutengeneza linajulikana haraka, linapita juu ya bodi mahali ambapo halitakiwi kupita, kivuli chake hakipo, na picha za ndege zinathaminiwa kwa sababu ni kumbukumbu ya kitu kilivyokuwa. Hili linatibiwa kwenye shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie.

Tupige hesabu kidogo, ni tamu hii. Propela ya ATR 72-600 ina mapanga sita na wakati wa kuruka inazunguka kama mara 1,200 kwa dakika, yaani mara 20 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/1000 ya sekunde kila panga linasogea nyuzi 7 hivi, ndo maana linaonekana limeganda. Kwa 1/125 linasogea karibu nyuzi 58, na kutoka panga mpaka panga ni nyuzi 60, kwa hiyo duara lote linajaa, unapata ile sahani nyembamba inayong'aa ambayo kila mtu anaitafuta! Cessna 172 ina mapanga mawili tu, yapo mbali mbali nyuzi 180, hata ikizunguka 2,400 kwa 1/125 duara halifungi lote, ila mzunguko unaonekana vizuri na inatosha. Helikopta ndo ngumu zaidi, rota kubwa ya Robinson R44 inazunguka kama mara 400 tu kwa dakika, kwa 1/125 panga linatembea nyuzi 19, ukitaka zaidi ushuke mpaka 1/60 na chini.

Shata ikishuka hivyo na ndege inakimbia, lazima uifuatishe na kamera kwa mwendo wake, uzungushe kiuno sio mikono, na upige mfululizo. Fremu nyingi zitatoka zimetikisika, ni kawaida kabisa kwa kila anayefanya hivi, unachagua ile moja iliyonyooka.

Ndege nyeupe zangu zinatoka kijivu. Nikiongeza mwanga naambiwa imeungua. Kati hapo ni wapi?

Kamera inapima mwanga ikidhani ulichoelekeza ni kijivu cha kati, ukiijazia fremu na bodi nyeupe inatia giza ili ipate hicho kijivu chake. Ongeza theluthi mbili ya stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili) ukiwa uwanjani, na kwa ndege nyeusi kama zile za Air New Zealand fanya kinyume, punguza. Kwenye kuedit fuata histogramu, ile grafu ya mwanga, giza kushoto na weupe kulia: mlima wa kulia usogee karibu na ukuta lakini usiupande. Angalia juu ya mgongo na kwenye pua, pale jua linapogonga, kama mistari ya kuungia mabati imepotea umeshachoma.

Na tafadhali pigeni raw. Raw ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila pikseli, JPEG ina 256 kwa kila rangi, sasa ukitaka kuvuta tumbo la ndege lililo kivulini utaivuta na nini? Hata kwa raw usilivute mpaka tumbo ling'ae kama mgongo, jua halipigi kutoka chini.

Kuhusu rangi, wengi wanabofya bodi ya ndege kupata nyeupe, na mara nyingi inakubali, ila jua ndege uliyonayo kwanza. American Airlines tangu 2013 bodi zao zimepakwa rangi ya fedha, ukimkazania mpaka awe mweupe pee umempaka wewe rangi mpya.

Mawimbi ya joto naondoaje? Matairi na maandishi yote yanapinda.

Huondoi. Hewa ya moto juu ya lami inapindisha mwanga kabla haujafika kwenye lenzi, kila kipande kimepinda kivyake, na ukinoa unazidi kuonyesha. Nenda asubuhi mapema au siku ya mawingu, sogea karibu, panda mahali palipoinuka ili usipige kwa kupitia ile hewa ya chini, na lenzi ya milimita 600 mchana wa jua kali kwa ndege iliyo upande wa pili wa uwanja haitakusaidia, itakuletea hayo mawimbi karibu tu.

Naambiwa kuna vumbi angani lakini mimi silioni.

Lipo kwenye sensa, kile kioo cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Fungua Photoshop au GIMP, tumia ile amri ya kusawazisha mwanga, Equalize, kwenye nakala ya leyeri, anga litageuka la ajabu na madoa yatajitokeza kama viduara vyeusi, yafute kwenye leyeri ya chini halafu itupe ile nakala. Ukipiga kwa f/16 (tundu dogo la lenzi) yataonekana zaidi, f/8 inatosha kwa ndege.