Abuja si "baba wa Ja"

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafundisha jiografia sekondari, Morogoro. Video moja inasema Abuja ni Kiarabu, "baba wa Ja". Nyingine inasema serikali ya Nigeria iliunganisha silabi, kama sisi tulivyopata Tanzania. Halafu nimeona picha ya chungu cha miaka ya 1950, maelezo yake yanasema kimetoka Abuja, ilhali mji mkuu huo uliamuliwa 1976. Je, wamekosea? Na eneo la shirikisho linaloizunguka Abuja lilipataje jina?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Walioandika maelezo ya chungu hawajakosea, na chungu hicho kinakujibu vizuri kuliko video zote mbili.

Abuja ya chungu ni mji mwingine. Jihadi ya Usman dan Fodio, mwanazuoni wa Kifulani, ilipowang'oa watawala wa Kihausa wa Zaria, kaskazini mwa Nigeria, mwanzoni mwa karne ya 19, ukoo wao ulikimbilia kusini. Mwaka 1828 mmoja wao, Abubakar, akaanzisha mji huko. Watu walimwita Abu kwa kifupi, na kwa kuwa alikuwa maji ya kunde wakamwongezea "ja", neno la Kihausa la rangi nyekundu. Ni kama mtaani tunavyosema Juma Mweupe ili asichanganywe na Juma mwingine. Mji ukachukua jina lake.

Hapo ndipo Waswahili wengi tunapoteleza. Sikio letu limezoea "Abu" kuwa "baba wa", basi tukiliona tunakata papo hapo na kuanza kumtafuta mtoto. Abubakar lina asili ya Kiarabu, sikatai. Lakini aliyeupa mji jina ni mtu aliyeitwa Abu, na Ja ni rangi yake.

Februari 1976 serikali ya Murtala Mohammed ilipotangaza kuhamisha makao makuu kutoka Lagos, jina la mji huo wa zamani lilichukuliwa likapewa mji mkuu uliokuwa bado haujajengwa. Wenyewe wakalazimika kutafuta jingine: Suleja, kutokana na jina la emir wao, Suleimanu Barau. Itazame ile "ja" bado iko mwishoni.

Ukipata noti ya naira 20, igeuze. Mbele yupo Murtala Mohammed. Nyuma yupo Ladi Kwali, mfinyanzi aliyefanya kazi katika karakana ya ufinyanzi ya Abuja ile ya kwanza, yaani Suleja ya leo. Chungu ulichokiona ni cha huko.

Eneo la shirikisho halikupewa jina la mtu wala la kabila. Ardhi ilimegwa kutoka majimbo ya Niger, Plateau na Kwara, na nia ilikuwa kupata mahali ambapo hakuna kabila kubwa litakalosema ni pake. Kwa hiyo sheria iliita kitu kwa kazi yake: Eneo la Mji Mkuu wa Shirikisho. Si jimbo, halina gavana, linasimamiwa na waziri. Abuja imo ndani yake pamoja na Gwagwalada, Kuje na miji mingine. Suleja, iliyotoa jina, iko nje ya mpaka, katika Jimbo la Niger.

Sasa hao wa video. Kila wiki naletewa jina limekatwakatwa kama sukuma wiki, kila kipande kimebandikwa maana, na aliyelikata hajawahi kumuuliza hata mwenyeji mmoja. Hawa ni waganga wa majina, na wanaumiza watu. Nimekaa kwenye kikao cha mgogoro wa ardhi, mtu akasimama na "maana" ya jina la kijiji aliyoitoa kwenye simu, akaitumia kudai kwamba jirani zake ni wageni. Wazee wenye lugha yao walikuwa wameketi palepale.

Mtu asiyejua Kigogo anaweza kuikata Dodoma apendavyo. Mgogo atakwambia "idodomya", pamedidimia, na atakusimulia habari ya tembo aliyezama. Kwa jina lolote, anza na watu waliolitumia kwanza, lugha waliyosema, na maandishi ya zamani kabisa yanayolitaja. Silabi ziache mpaka mwisho. Darasani waonyeshe ramani, wachore mpaka wa eneo, kisha waitafute Suleja.