Maswali ya Wasomaji: Medali Mbili za Shaba Katika Judo

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma matokeo ya judo ya Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024. Kila kundi la uzito lina washindi wawili wa medali ya shaba, kisha wawili wa nafasi ya tano, na wa nne hayupo. Je, ni makosa ya uchapaji, au washindani hao walitoshana nguvu?

JIBU: Si makosa, ndugu msomaji, wala hawakutoshana nguvu. Washindani wa kila kundi hugawanywa pande mbili, na kila upande hutoa mmoja wa kwenda fainali. Anayeshindwa katika raundi za mwanzo hutoka moja kwa moja, lakini wanne wanaoshindwa katika robo fainali hupewa nafasi nyingine: wawili wa upande mmoja hupambana wao kwa wao, na anayeshinda huvuka kwenda kukutana na yule aliyeshindwa katika nusu fainali ya upande wa pili. Kwa hiyo shaba huwaniwa katika mapambano mawili yasiyohusiana, na wawili wanaoshindwa humo huandikwa wote kuwa wa tano. Wale waliokwama katika hatua ya kabla ya hapo huwa wa saba.

Mfano ninaoupenda ni wa Teddy Riner wa Ufaransa. Alifika Tokyo mwaka 2021 akiwa ameshatwaa dhahabu ya uzito wa juu mwaka 2012 na 2016, akitafuta ya tatu mfululizo, lakini Tamerlan Bashaev wa Urusi akamshinda katika robo fainali. Kwa mtu wa hadhi yake, kurudi ulingoni siku hiyohiyo kugombea shaba kulihitaji moyo mkubwa. Alirudi, akamshinda Rafael Silva wa Brazili, kisha Hisayoshi Harasawa wa Japani, akaondoka na medali. Ndiyo maana siwezi kuiona shaba ya judo kuwa zawadi ya kufuta machozi: anayeivaa amemaliza siku yake kwa ushindi, ilhali mwenye fedha ametoka kushindwa dakika chache kabla ya kupanda jukwaani.

SWALI: Katika mashindano hayohayo Ufaransa ilipata medali kumi za judo na Japani nane. Inakuwaje Japani iwekwe juu?

JIBU: Jedwali hupangwa kwa kuhesabu dhahabu kwanza, nchi zikilingana ndipo hutazamwa fedha, kisha shaba. Japani ilikuwa na dhahabu tatu, za Natsumi Tsunoda, Hifumi Abe na Takanori Nagase, pamoja na fedha mbili na shaba tatu. Ufaransa ilikuwa na dhahabu mbili, fedha mbili na shaba sita. Azabajani, iliyopata dhahabu mbili tu bila medali nyingine yoyote, ikashika nafasi ya tatu.

Utaratibu huo ni halali, ila kwa maoni yangu hauutendei judo haki kamili. Mjini Paris zilitolewa medali 60, na 30 kati yake zilikuwa za shaba. Mpangilio unaoziweka mwisho hauonyeshi upana wa kikosi. Wanawake wa Ufaransa peke yao walipata shaba tano katika makundi saba ya uzito, na hilo si jambo dogo hata kidogo.

Isitoshe, tofauti ya dhahabu kati ya nchi hizo mbili iliamuliwa na pambano moja. Katika fainali ya timu za mchanganyiko wa wanaume na wanawake, ambapo timu hutafuta ushindi wa mapambano manne, Japani iliongoza 3 kwa 1. Ndipo Joan-Benjamin Gaba akamshinda Abe, bingwa wa kilo 66 aliyekuwa amepanda kupigana katika kundi la kilo 73, na hatimaye matokeo yakawa 3 kwa 3. Droo ya kielektroniki ya kuchagua kundi la pambano la kuamua ikaangukia wanaume wa zaidi ya kilo 90, na Riner akamwangusha Tatsuru Saito katika muda wa nyongeza. Kama Saito angeshinda, Japani ingekuwa na dhahabu nne na Ufaransa moja.

SWALI: Je, Waafrika wamewahi kupata medali ya judo katika Olimpiki?

JIBU: Ndiyo. Mohamed Rashwan wa Misri alitwaa fedha mjini Los Angeles mwaka 1984, baada ya kushindwa na Yasuhiro Yamashita wa Japani katika fainali ya kundi lisilo na kikomo cha uzito. Mwaka 2008 mjini Beijing zilipatikana tatu: Soraya Haddad wa Aljeria alipata shaba ya kilo 52, na katika kilo 90 za wanaume Amar Benikhlef, naye wa Aljeria, alipata fedha, huku Hesham Mesbah wa Misri akipata mojawapo ya zile shaba mbili. Jukwaa hilo la kilo 90 lilikuwa na watu wanne, na wawili kati yao walitoka Afrika.