Barua kwa mwanangu: Robinson atatoboa?

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona jana usiku, nikajaribu kujibu kwenye simu nikaona hapana, hili la kukaa chini niandike. Unasema umefika pale Robinson Crusoe ameshikwa na homa, yuko peke yake kisiwani, anatetemeka, kiu imemkamata na hata nguvu za kwenda kuchota maji hana, na wewe na mwenzako wa kazini mmewekeana dau la chipsi kuku, yeye anasema jamaa hatoboi. Alafu unauliza mama huwa najuaje nani atapona kwenye vitabu vya namna hii bila kuchungulia ukurasa wa mwisho.

Kwanza dau lenu linachekesha. Daniel Defoe alipokitoa hicho kitabu mwaka 1719 jina la kitabu lilijaza ukurasa mzima, na humohumo kwenye jina kasema baharia huyu aliishi miaka 28 peke yake kisiwani, karibu na mto Orinoco unapoingia baharini, mwisho akaokolewa na maharamia, tena habari kaandika mwenyewe! Matoleo ya siku hizi wamelikata hilo jina ndo mkapata cha kubishania.

Ila tufanye hujui. Mi naanza na anayesimulia. Sindbad, yule baharia wa Alfu Lela Ulela, akitupwa baharini sina presha hata kidogo maana tangu mwanzo namwona yuko kwake Baghdad, tajiri, chakula mezani, anamhadithia yule mpagazi safari zake saba. Robinson naye anasema mimi nilifanya hivi, mimi nikafanya vile, na ni mtu mzima anayekumbuka ya zamani.

Nadhani kilichokutisha ni ile dayari yake, kwa sababu homa inamkuta ndani ya dayari, leo anatetemeka, kesho kichwa, keshokutwa afadhali kidogo, na dayari ni kitu kibaya sana mwanangu, anayeandika leo hajui kama kesho atashika kalamu, inaweza ikakatika katikati ya sentensi ikawa ndo basi. Kitabu ambacho ni dayari mwanzo mwisho siwekei dau, hata la soda. Lakini rudi nyuma kidogo, pale kabla hajaanza kutunakilia hiyo dayari, utaona kasema aliiacha kwa sababu wino ulimwishia. Basi kama ni wino ndo uliomkatisha, homa haikumuua. Mwonyeshe mwenzako hapo tu, dau umeshinda.

Kingine ni vitu. Umeona alivyokuwa anaogelea kwenda kwenye meli iliyokwama? Siku 13 kaenda mara 11, kabeba mchele, jibini, ramu, bunduki, baruti, sanduku la fundi seremala, na Defoe anatuhesabia kila kitu mpaka wengine wanaboreka (mi siboreki, mi napenda kweli zile kurasa). Mwandishi anayetaka kuua mtu wake mapema hapotezi wino kuhesabu misumari na mashoka. Na ile shayiri iliyoota pale alipokung'uta mfuko wa chakula cha kuku, imeota kabla ya homa, na yeye keshaweka mbegu akiba, sasa Defoe atamuoteshea shayiri alafu asimwache avune?

Wakiwa wengi ndo mambo yanabadilika, hapo mwandishi ana watu wa kupoteza na hadithi inaendelea. Kile cha William Golding cha 1954, Lord of the Flies, watoto wa kiume wa Kiingereza wameanguka na ndege kisiwani, hakuna anayesema mimi, na mi nilianza kumhofia yule mnene wa pumu, Piggy, tangu nilipoona miwani yake ndo inawasha moto wa kundi zima. Nikasema siku hiyo miwani ikichukuliwa huyu mtoto kwisha. Ikaibwa usiku, na kilichofuata unakijua maana ulikisoma shule.

Usichukue hii ukaipeleka kwenye maisha ya kweli lakini. Alexander Selkirk, yule Mskochi ambaye wengi wanasema ndo aliyempa Defoe wazo, mwaka 1704 aligombana na kapteni wake kwamba meli imeoza inavuja, akaachwa kisiwa cha Juan Fernández, huko mbele ya pwani ya Chile. Meli inaondoka akajuta, akaanza kuita wamrudie, wakagoma. Ungekuwepo ungeweka dau kwa nani? Meli ikaja kuzama kweli, wengi wakafa, waliobaki wakaangukia mikononi mwa Wahispania. Selkirk akabaki na mbuzi wake, panya wakamtafuna miguu usiku mpaka alipofuga paka wakamlinda, na mwaka 1709 meli nyingine ikamkuta mzima, miaka minne na miezi, kavaa ngozi za mbuzi, anaongea maneno nusunusu. Hakuna mwandishi aliyempangia hayo.

Sasa mwenzako akishalipa chipsi na akitaka dau lingine, mwambie Defoe alitoa kitabu cha pili mwaka huohuo 1719. Mle kuna mtu anakufa, si Robinson, mi nililia, na hamjafika hata anapoingia kwenye hadithi.

Mama yako