Kabla hujaiamini picha ya uga sumaku wa Jua

Wanafunzi wa hapa Mwanza wanaoniuliza waanzie wapi kujifunza namna uga sumaku wa Jua (nguvu ya sumaku iliyotanda humo) unavyopimwa, huwa ninawatuma kwanza Capri Point alasiri na miwani ya polaroidi. Mng'ao unaoakisiwa na maji ya ziwa umepolarishwa: mtetemo wake mwingi ni wa kulala. Tazama maji, si Jua lenyewe (miwani hiyo haitakukinga), kisha uizungushe taratibu mbele ya jicho. Mng'ao utafifia, halafu utarudi. Vifaa vya wanaastronomia hufanya kazi hiyohiyo ya kuchuja, ila kwa ustadi zaidi.

Mwanafizikia Pieter Zeeman aligundua mwaka 1896 kwamba sumaku huathiri mistari ya spektra, yaani ile mistari myembamba ya rangi mahususi inayoonekana mwanga ukitawanywa: huigawa vipande. Mwaka 1908 mwanaastronomia George Ellery Hale, akiwa kwenye kituo cha Mount Wilson, Marekani, akaikuta athari hiyo kwenye madoa ya Jua, yale mabaka meusi usoni mwake. Ni ndogo mno: ndani ya doa lenye gausi 3,000 (gausi ni kipimo cha nguvu ya uga), vipande vya mstari wa chuma wa nanomita 630.25 husogea kama nanomita 0.014 tu kutoka katikati. Kinachotuokoa ni upolarishaji. Uga ukituelekea au ukitupa kisogo, vipande viwili vya mstari hupolarishwa kwa duara, kila kimoja kikizunguka kinyume cha mwenzake. Uga ukikatiza mbele yetu, upolarishaji huwa wa mstari nyoofu, kama ule wa mng'ao wa ziwa.

Sasa ushauri wenyewe. Zile picha za bure za SDO, setilaiti ya NASA inayolitazama Jua, nyeupe na nyeusi, hazikuonyeshi uga wote. Nyeupe ni sehemu ya uga inayotujia, nyeusi inayotukimbia, basi. Doa likiwa karibu na ukingo wa Jua, upande wake mmoja unaweza kugeuka rangi ilhali huko juu hakuna kilichobadilika. Ni sisi tunaolitazama kiubavu. Vijana hulishangilia hilo kama ugunduzi! Lifuate doa mpaka lifike katikati, kama wiki nzima, ndipo uandike.

Ramani zenye mishale, zinazoonyesha uga unaelekea wapi, nazo zina lao. Upolarishaji wa mstari nyoofu hautofautishi mwelekeo wa pembe ya nyuzi 40 na ule wa nyuzi 220, ulio kinyume chake, hivyo ncha ya mshale huchaguliwa na kanuni za kompyuta. Mimi husoma kwanza kanuni iliyotumika, mishale baadaye. Uga ukiwa hafifu mishale hiyo siiangalii kabisa, maana ishara yake hupungua kwa mraba (uga ukipungua nusu, ishara hubaki robo) na kumezwa na kelele, yaani mitikisiko ya bahati nasibu ya vipimo.

Na kama bando ni dogo, pakua picha zilizopunguzwa. Ile kamili ina pikseli 4,096 kwa 4,096.